Kahawa, Daftari na Maendeleo ya Mlima Wetu

Ndugu wanachama, wazee wetu wa nyumbani, na vijana mlioko mijini na ng'ambo,

Kila Desemba tunapopanda mlimani kwa Krismasi na kukaa kwenye harambee, swali moja hurudi. Mlima huu umeuza kahawa kwa takriban miaka mia moja. Mbona bado tunachangishana bati za shule na mabomba ya maji? Fedha ile yote ilikwenda wapi?

Ni swali la haki, na sisi tunaotunza vitabu vya chama tumeombwa kulijibu katika kijarida cha mwaka huu. Jibu tumelitafuta katika historia yetu wenyewe.

Kabla ya kahawa palikuwa na mfongo

Babu zetu walichimba mifongo kutoka kwenye mito ya msituni hadi vihambani, bila injinia wala mkopo. Ila kuchimba ni kazi ya mara moja, kutunza ni kazi ya kila mwaka. Kila mfongo ulikuwa na watu wake na mkuu wake. Siku ya kusafisha ilitangazwa na kila nyumba ilitoa mtu. Asiyefika alitozwa faini, na akikaidi alinyimwa maji. Zamu za kumwagilia zilijulikana, na jirani wa chini alimwona jirani wa juu akifungua maji. Huo ulikuwa utawala bora kabla hatujalisikia neno hilo kwenye semina: kanuni inayojulikana na wote, na macho ya wote juu ya kinachogawanywa.

Chama cha kwanza, 1925

Kahawa ililetwa na wamisionari wa Roho Mtakatifu wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, Charles Dundas, aliwahimiza wananchi kuipanda vihambani, katikati ya migomba. Walowezi walipinga. Walidai mashamba ya Waafrika yangesambaza magonjwa, lakini pia waliogopa kukosa vibarua. Hofu hiyo haikuwa ndogo: wakati huohuo nchini Kenya Waafrika walikuwa wakizuiwa kulima kahawa.

Mwaka 1925 wakulima wetu waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Kilitetea haki yao ya kulima, kilisaidia kupata dawa za mimea, na kiliuza kahawa yao kwa pamoja. Kilishinda jambo kubwa, kwa kuwa kahawa ilibaki mikononi mwa wenye vihamba. Kilipokwama ni kwenye fedha. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 bei ya dunia ilikuwa imeanguka, chama kina madeni, na hesabu zake zinazozaniwa. Serikali ya kikoloni, ambayo haikupenda chama kinachosema kwa sauti, ilipata sababu ya kuingia.

KNCU na malipo ya pili

Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa mwaka 1932, na KNCU ikachukua nafasi ya chama cha zamani. Wazee wengi wanaujua mpangilio wake kwa moyo. Mkulima alipeleka kahawa kwenye chama cha msingi, karani akapima, mkulima akapokea stakabadhi na malipo ya awali. Kahawa ilipouzwa na gharama kutolewa, yalikuja malipo ya pili.

Kwa macho ya mhasibu, malipo ya pili ndiyo moyo wa ushirika. Malipo ya awali ni bei tu, hata mchuuzi anaweza kuyatoa. Malipo ya pili ni ripoti ya fedha inayomfikia mkulima mfukoni: kahawa yako iliuzwa kiasi hiki, tulitumia kiasi hiki, kilichobaki ni chako. Yakichelewa au yakipungua bila maelezo, hata mama asiyejua kusoma anafahamu kwamba kuna jambo.

Hilo lilionekana mwaka 1937. Bei ilikuwa imeshuka, na kanuni ziliwalazimisha wakulima kuuza kupitia KNCU peke yake. Meneja alikuwa Mzungu, na mamangi walitumika kusimamia kanuni. Wakulima walijiuliza kama hiki bado ni chama chao au ni mkono mwingine wa serikali. Wenye hasira walivunja maghala ya baadhi ya vyama vya msingi, na serikali ikatumia nguvu kuwatuliza. Watu wale hawakuchukia kahawa wala ushirika. Walikataa kufungwa kwenye chama ambacho hawakuweza kukihoji.

Miaka ya neema

Baada ya Vita vya Pili bei ilipanda, na safari hii kulikuwa na chama kilichokomaa cha kuipokea. Jengo la KNCU lenye hoteli lilisimama mjini Moshi. Fedha za kahawa zilijenga madarasa, zikatengeneza barabara za mlimani, zikasomesha watoto. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika. Chuo hicho kuwa Moshi kulifuata uzoefu uliokuwepo tayari: makarani, wajumbe wa kamati, na wakulima waliozoea kuhoji mkutanoni.

Tusiipambe miaka hiyo kupita kiasi. Vyama vilipoongezwa haraka nchini baada ya uhuru, udanganyifu wa mizani na wizi uliongezeka, na mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza malalamiko hayo. Ugonjwa ulikuwepo kweli. Kosa lilikuwa kwenye dawa iliyochaguliwa baadaye.

Mwaka 1976

Mwaka huo serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote. Vijiji vilipewa kazi ya kukusanya mazao, na mwaka uliofuata Mamlaka ya Kahawa ikaanza kazi. Tazama majira yake. Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazil, na kufikia mwaka 1977 bei ya dunia ilikuwa imepaa mno. Bahati kubwa kuliko zote ilimkuta mkulima wa Kilimanjaro hana chama chake kikuu. Kodi na gharama za mamlaka zilikatwa kwanza, naye akapokea kilichobaki bila mkutano mkuu wa kuuliza kimekatwa nini na kwa nini.

Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini vilirudi vikiwa dhaifu, mali zimetawanyika na wanachama wamepoa. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika. Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa. Walilipa taslimu palepale, na mkulima aliyechoka kusubiri malipo ya pili yasiyofika hakuwa na sababu ya kungoja. Baadaye baadhi ya vyama vya msingi viliamua kupeleka kahawa yao mnadani Moshi vyenyewe. Wengi wetu tunajua kilichotokea vihambani: mibuni ikazeeka, mingine ikang'olewa, na nafasi yake ikachukuliwa na mahindi, mboga na ng'ombe wa maziwa.

Fedha ilikwenda wapi?

Sehemu kubwa ilikwenda kwetu sisi. Kahawa ilitupa ada. Tumekuwa walimu, wauguzi, mainjinia, wafanyabiashara na wahasibu. Wachumi wanaposema uchumi umebadilika muundo, maana yake ni watu kutoka kwenye kilimo cha jembe na kuingia kwenye viwanda na huduma zenye kipato kikubwa zaidi. Watu wa mlima huu walibadilika hivyo. Mlima wenyewe ukabaki nyuma. Kahawa yetu ilikobolewa Moshi, lakini sehemu kubwa ilikaangwa na kufungwa ng'ambo, na faida ya kazi hiyo ikabaki huko. Kihamba kiligawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi wengine wakabaki na mistari michache ya migomba. Kijana asiye na kihamba wala ujuzi hana pa kushika.

Ndiyo maana mradi wa mwaka huu ni karakana ya ufundi kwa vijana wa kata yetu: useremala, umeme, uchomeleaji, na usindikaji wa ndizi na kahawa. Tunataka kazi ipatikane nyumbani, si kila mwenye mikono apande basi la Dar es Salaam.

Waswahili husema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo hatuwaombi mchango peke yake. Kila atakayetoa atapewa stakabadhi, awe ametoa elfu mbili au milioni mbili. Taarifa ya mapato na matumizi itabandikwa kila robo mwaka kwenye ofisi ya kata na kutumwa kwenye makundi ya simu ya wanachama. Wakaguzi watachaguliwa na mkutano mkuu, nje ya kamati ya fedha. Na kama karakana itagharimu chini ya makadirio, mkutano ndio utakaoamua bakaa iende wapi. Hayo yatakuwa malipo yenu ya pili.

Nanyi tunawaomba jambo moja zaidi: njooni mkutanoni, someni taarifa hiyo, na mulize. Mfongo ulidumu kwa sababu kila nyumba ilitoa mtu siku ya kusafisha.

Karibuni sana kwenye harambee.