Zaire ya kwenye simu na Zaire ya Masisi

Video fupi za wakati wa Zaire zinapita siku hizi kutoka simu moja hadi nyingine. Zina bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge, wanaume wenye abakosti, kofia ya ngozi ya chui, na akina mama waliovaa vitenge vyenye sura ya Mobutu wakicheza kwa mistari. Chini yake unapigwa muziki wa magitaa ya Kinshasa. Vijana waliozaliwa baada ya 1997 wanazipenda, na wahami wanaolala chini ya hema wanazitumiana wakisema: wakati ule kulikuwa amani.

Mambo hayo si ya Kongo peke yake. Katika nchi zilizokuwa za Muungano wa Kisovyeti, vijana wametengeneza muziki wa vinanda vya umeme wenye picha za roketi na majengo ya zamani, unaoitwa Sovietwave. Wengi wao hawakuishi wakati ule. Wanachukua rangi na sauti, na wanaacha foleni za mkate na magereza.

Picha za Zaire zilitengenezwa kwa kusudi. Chama cha MPR kilianzishwa 1967. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ilipewa jina la Zaire, na 1972 raia waliambiwa waache majina ya Kikristo. Mobutu alitembelea China na Korea ya Kaskazini, akavutiwa na maelfu ya watu wanaocheza pamoja kwa kumsifu kiongozi. Hivyo ilikua animasio, yaani nyimbo na ngoma za kumsifu rais, mashuleni, makazini na kwenye viwanja vya ndege. Waziri Sakombi Inongo alisimamia propaganda hiyo, na kabla ya habari za televisheni sura ya Mobutu ilionekana ikishuka kutoka mawinguni. Baadaye Sakombi huyo huyo alimtumikia Laurent-Désiré Kabila.

Muziki wenyewe ulikuwa mzuri kweli. Septemba 1974, Kinshasa iliwapokea James Brown, B.B. King na Miriam Makeba, pamoja na Franco na Tabu Ley. Tarehe 30 Oktoba Muhammad Ali alimpiga George Foreman. Feza pia ilikuwa na nguvu: zaire moja ilipoanza 1967 ilikuwa sawa na dola 2. Lakini mwisho wa 1992 ilitoka noti ya zaire 5.000.000. Wafanyabiashara waliikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hizo wakapora Kinshasa.

Huku Masisi na Walikale, kuna mambo ambayo video hazionyeshi. Tangu 1937 wakoloni Wabelgiji walileta familia nyingi kutoka Rwanda zikae Gishari na kufanya kazi mashambani. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakikaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta: ilidai uthibitisho wa ukoo uliokuwapo nchini 1885. Jirani aliyepiga kura jana aliambiwa leo kwamba si raia. Serikali moja, rais mmoja, sheria mbili zinazopingana.

Udongo nao ulikuwa hivyo. Sheria ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya serikali, na mwaka ule ule, 30 Novemba, Mobutu alitangaza kuchukua mashamba na maduka ya wageni. Masisi, sehemu kubwa za malisho ziliangukia mikononi mwa watu wenye uhusiano na wakubwa. Mkulima wa kawaida, wa kabila lolote, alibaki na kipande kidogo au bila kitu.

Hasira hiyo ililipuka Machi 1993 kwenye soko la Ntoto, wilayani Walikale, ikaenea Masisi. Maelfu waliuawa na watu zaidi ya laki mbili walihama. Julai Mobutu alikuja Goma na kutuma walinzi wake. Ilikuwa bado Zaire, na bendera ya mwenge ilikuwa bado juu. Wakimbizi wa Rwanda wa 1994 na vita vya 1996 vilikuta nyumba ambayo tayari inawaka.

Je, wazee wanaoikumbuka Zaire wanadanganya? Hapana. Wapo waliolipwa mshahara na SOMINKI, kampuni ya madini iliyoundwa 1976, kabla bei ya bati haijaanguka 1985. Wapo waliochunga ng'ombe na kuuza jibini la Masisi bila kukutana na kizuizi cha watu wenye silaha. Wanachokumbuka ni mshahara, barabara na usingizi wa usiku. Hayo ni mambo ya haki kudai kwa serikali yoyote, na hayahitaji kofia ya chui.

Kwa hiyo video ikifika kwenye simu, kijana amwulize mzee aliye karibu: huu ulikuwa mwaka gani? Wakati huo shamba letu lilikuwa la nani? Na nani alilazimishwa kucheza? Mzee wa Ntoto na mzee wa Gishari huenda wasijibu sawa. Inafaa majibu yote mawili yasikilizwe, kwa sababu familia zao zitarudi kukaa kwenye vilima vile vile.