Mume Bwege na Ngazi ya Mkewe

Katika lugha yetu mwanamume anayeburuzwa na mkewe huitwa mume bwege, na majirani hawachelewi kunong'ona kwamba amelishwa limbwata. Wamarekani nao walikuwa na mzaha juu ya mtu wa namna hiyo, tena waliugeuza biashara kubwa. Tangu zama za filamu bubu hadi miaka ya 1940, Hollywood ilitoa vichekesho vingi vya nyumbani ambamo baba ni mnyonge, mama ni mkali, na familia nzima inahangaika kupanda daraja. Nimezitazama filamu hizo kwa miaka mingi, na kadiri umri unavyosonga ndivyo ninavyomwangalia zaidi mama kuliko baba.

Mzaha huo ulistawi magazetini kabla ya kustawi katika sinema. Mwaka 1913 mchoraji George McManus alianzisha katuni iitwayo Bringing Up Father, yaani "Kumlea Baba". Humo yumo Jiggs, Mmarekani mwenye asili ya Ireland, aliyekuwa kibarua wa ujenzi kisha akatajirika ghafla. Mkewe Maggie, ambaye zamani alikuwa dobi, anataka waketi na wakubwa na kwenda kusikiliza opera. Jiggs anachotaka ni kutoroka akale nyama ya chumvi na kabichi pamoja na rafiki zake wa siku za dhiki. Akirudi usiku huku amevua viatu, hupokelewa na mti wa kusukumia chapati. Katuni hiyo iliendelea kutoka hadi mwaka 2000, na ilifanywa filamu zaidi ya mara moja, ikiwamo ile ya mwaka 1928.

Wasomaji wengi wa mwanzo walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Walimcheka Maggie kwa sababu walimfahamu: ni yule shangazi aliyepata fedha akasahau alikotoka. Lakini tujiulize Maggie alikuwa akikimbia nini. Alikuwa akilikimbia beseni la kufulia nguo za watu. Jiggs aliweza kuupenda umaskini wa zamani kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa baa na marafiki, ilhali ya mkewe ilikuwa maji ya sabuni.

Filamu inayonifikirisha kuliko zote ni It's a Gift ya mwaka 1934, ambayo W. C. Fields anaigiza kama Harold Bissonette, muuza duka la vyakula. Mkewe Amelia, aliyeigizwa na Kathleen Howard, anashikilia kwamba jina lao litamkwe "Bisonei", ili lisikike la kifahari, na mume hulitamka hivyo mradi mke yuko karibu. Sisi tuliofundisha lugha tunalijua jambo hili vizuri: mtu akiionea haya hali yake, ulimi ndio hutangulia kumfichua. Kuna sehemu maarufu ambapo Harold, amechoshwa na maneno ya mkewe, anakwenda kulala barazani. Hapati usingizi, maana nazi inaporomoka ngazini, mchuuzi wa bima anafika kumtafuta mtu asiyekuwapo, na majirani wanapayuka. Ni kichekesho kisichochakaa.

Tufuate hadithi yenyewe sasa. Harold anapata urithi wa mjomba wake, kisha ananunua shamba la michungwa huko California bila kukubaliana na mkewe. Anaambiwa kwamba ardhi ile haifai, lakini hasikii. Anauza duka, anaipakia familia garini, na wakifika wanakuta kibanda kibovu katika ardhi kavu. Amelia anawachukua watoto na kuanza kuondoka kwa miguu. Ndipo inatokea bahati: kuna watu wanaoihitaji ardhi ile kwa ajili ya uwanja wa mbio za farasi, na Harold anawauzia kwa maelfu ya dola na shamba halisi la michungwa juu yake. Watazamaji hushangilia, na Amelia huonekana kuwa mwanamke asiyekuwa na imani. Lakini hadi dakika ile, kila alilolinung'unikia lilikuwa kweli. Bahati haikuondoa ukweli kwamba mumewe alikuwa amecheza kamari na riziki ya watoto.

Hali ni hiyo hiyo katika Ruggles of Red Gap ya mwaka 1935. Egbert Floud, tajiri wa mji mdogo wa Marekani, anamshinda bwana mkubwa wa Kiingereza katika mchezo wa karata, na zawadi yake ni mtumishi wa bwana huyo. Mkewe Effie anafurahi, kwani mtumishi atamfundisha Egbert kuvaa na kusimama kistaarabu. Effie anachekwa toka mwanzo hadi mwisho, naye Egbert, mlevi mkarimu, anapendwa na wote.

Kwa nini wake hawa waliwasukuma waume zao namna ile? Jibu halimo ndani ya filamu, limo katika historia ya nchi yao. Mwaka 1933, katika ule mdororo mkuu wa uchumi, karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne wa Marekani hakuwa na kazi. Mwaka mmoja kabla, Bunge lao lilipitisha sheria kwamba wafanyakazi wa serikali kuu wakipunguzwa, waanze kuondolewa wale ambao wenzi wao pia wamo serikalini. Sheria haikutaja wanawake, lakini walioondoka walikuwa wake zaidi, kwa kuwa aghalabu mshahara wa mume ndio ulikuwa mkubwa. Ilifutwa mwaka 1937. Aidha, wilaya nyingi za shule zilikataa kuajiri walimu wanawake walioolewa. Mimi niliyepita chuo cha ualimu, kisha nikaongoza shule ambayo nguzo zake zilikuwa mama wenye ndoa, kila nikilifikiria jambo hilo husikitika. Hebu fikiri mwalimu hodari akiweka chaki chini kwa kosa la kufunga harusi!

Basi mwanamke mwenye akili na ari alikuwa na njia moja kubwa ya kupanda, nayo ni mgongo wa mumewe. Mume akilala barazani, ngazi imelala. Kelele za Amelia zilikuwa kelele za mtu aliyefungiwa mlango, na kwa kuwa aliyeufunga mlango hakuwapo pale nyumbani, ziliishia kwa yule aliyekuwapo.

Sisemi tusicheke. Fields alikuwa bingwa, na mwanamume anayenyimwa usingizi kwake mwenyewe anastahili huruma yetu. Ila msomaji akizipata filamu hizi, namshauri azitazame mara mbili: mara ya kwanza ahesabu vitimbi vya baba, na mara ya pili amsikilize mama anasema nini hasa kuhusu kodi, viatu vya watoto na kesho yao.