Kipimamwondoko: Istilahi, Kifaa na Mchezo wa Karibu na Shimo

Kipimamwondoko ni kifaa cha gofu kinachopima jinsi mpira unavyoondoka kwenye fimbo baada ya kupigwa: kasi yake, pembe unayoinukia, upande unaoelekea na wingi wa mizunguko yake kwa dakika. Kifaa hiki ndicho kinachoendesha simuleta ya gofu ya nyumbani, yaani chumba chenye zulia, turubai, projekta na kompyuta, ambamo mchezaji hupiga mpira halisi kisha huuona ukiendelea na safari yake kwenye picha ya kiwanja. Mpira wenyewe husafiri mita tatu au nne tu kabla ya kugonga turubai. Yote yanayofuata ni hesabu.

Istilahi hii imeundwa kwa njia iliyozoeleka: kiambishi ki-, kitenzi pima, na jina la kinachopimwa, kama katika kipimajoto, kipimapembe na kipimamvua. Kutohoa jina la Kiingereza na kusema lonchi monita kungekuwa rahisi, lakini kwa msomaji wa Kiswahili monita ni kioo cha kompyuta au kiranja wa darasa. Kipimamruko ni neno zuri zaidi, na lingetosha kama kila pigo lingeruka. Mapigo mengi ya gofu hayaruki. Kwenye kiwanja cha mapigo 72, hesabu ya kawaida hutenga mapigo mawili ya kusukuma mpira kwenye grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) kwa kila shimo, yaani 36 kwa mashimo 18. Katika hayo yote mpira unabingiria chini. Kuondoka, mpira huondoka katika kila pigo, liwe la mita 250 au la mita moja, ndiyo maana mwondoko ni jina linaloyabeba yote.

Sehemu inayochezwa kwenye grini na kandokando yake inafaa kuitwa mchezo wa karibu. Mchezo mfupi, tafsiri ya neno kwa neno ya short game, humfanya msomaji afikirie mechi iliyokwisha mapema.

Fimbo na mpira hugusana kwa takribani nusu ya elfu moja ya sekunde. Macho hayaoni kitu hapo, na vifaa vilivyopo hukabili ugumu huo kwa njia mbili. Ya kwanza ni rada. Kifaa huwekwa nyuma ya mchezaji, hutuma mawimbi, nayo hurudi kutoka kwenye mpira yakiwa na masafa yaliyobadilika kulingana na kasi yake. Kanuni hiyo ilielezwa na Christian Doppler mwaka 1842. Teknolojia yenyewe iliingia kwenye gofu kutoka kwenye rada za kufuatilia risasi na makombora: mhandisi wa Afrika Kusini, Henri Johnson, aliasisi FlightScope, na huko Denmark kampuni ya TrackMan ilianzishwa mwaka 2003. Njia ya pili ni kamera zenye kasi kubwa, ambazo kwa kawaida huwekwa kando ya mpira. Hupiga picha kadhaa mfululizo, kisha programu hulinganisha alama au vishimo vya mpira kati ya picha moja na nyingine. Mpira unaozunguka mara 3,000 kwa dakika hugeuka nyuzi 18 katika elfu moja ya sekunde, na hapo mzunguko unakuwa kitu cha kuonekana na kupimwa.

Nje, rada hufuata mpira hadi unapoanguka, na katika hilo ni vigumu kuishinda. Ndani ya chumba huona mita chache tu za mruko, hivyo rada nyingi za bei nafuu hukisia mzunguko kutokana na vipimo vingine. Kwa pigo refu makisio hayo huvumilika.

Kwenye mchezo wa karibu mambo hubadilika. Rada ya gigahezi 24 ikipokea mwangwi wa mpira unaokwenda mita 70 kwa sekunde, masafa hubadilika kwa takribani hezi 11,200. Mpira uliosukumwa kwa mita 2 kwa sekunde huyabadilisha kwa hezi 320 tu, na wakati huohuo mikono na fimbo navyo vinakwenda kwa kasi zinazokaribiana na hiyo. Kutenganisha mwangwi wa mpira na wa fimbo si kazi ndogo.

Uzito wa kosa unaonekana kwenye hesabu. Kasi ya grini hupimwa kwa stimpimita, mfereji mwembamba aliouvumbua Edward Stimpson mwaka 1935. Mpira unaoteremka ndani yake hufika chini ukiwa na kasi ya takribani mita 1.83 kwa sekunde, na umbali unaobingiria ndio kipimo cha grini. Grini ya futi 10, yaani mita 3.05, hupunguza kasi ya mpira kwa takribani mita 0.55 kwa sekunde katika kila sekunde. Ili mpira ufike mita 6 kwenye grini hiyo iliyo tambarare, unahitaji kubingiria kwa kasi ya mita 2.57 kwa sekunde. Kifaa kikizidisha kasi hiyo kwa mita 0.1 tu kwa sekunde, simuleta itausimamisha karibu nusu mita mbele zaidi. Upande nao hauna msamaha: shimo lina kipenyo cha milimita 108, na kosa la nyuzi moja kwa umbali wa mita 3 husogeza mpira milimita 52, yaani kutoka katikati ya shimo hadi ukingoni.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Mpira uliosukumwa huanza kwa kuteleza, kisha msuguano huufanya ubingirie. Ukiondoka bila mzunguko wowote, hufikia mbingirio kamili ukiwa umebakiwa na sehemu tano kati ya saba za kasi yake. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa mara tu baada ya pigo si kasi ya kubingiria, na programu inayovichanganya viwili hivyo itatoa umbali wa uongo hata kama kamera imesoma sawasawa.

Pigo la kuinua mpira kutoka kando ya grini ni gumu kwa namna yake. Hapo mzunguko ndio unaoamua kama mpira utasimama au utaendelea kubingiria, na haufai kukisiwa. Zulia nalo hudanganya: fimbo iliyogonga nyuma kidogo ya mpira huteleza juu ya zulia na pigo likaonekana zuri. Kwenye nyasi za kikuyu, zenye asili katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na zinazopatikana hata kwenye kiwanja cha gofu cha Riviera, Los Angeles, fimbo hiyohiyo ingenaswa. Hakuna kipimamwondoko kinachopima nyasi. Urefu kutoka usawa wa bahari, kwa upande mwingine, hurekebishwa kwa urahisi. Mchezaji wa Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, akiacha simuleta kwenye usawa wa Dar es Salaam ataonyeshwa mapigo marefu yaliyo mafupi kuliko anayoyapiga kiwanjani, huku misukumo ya kwenye grini ikibaki karibu vilevile.

Mnunuzi anayetaka kujifunza mchezo wa karibu atafute mambo mawili katika maelezo ya kifaa: kasi ndogo kabisa ambayo kinaweza kuisoma, na kama mzunguko kinaupima au kinaukisia. Kifaa kisichoeleza hayo kitumike kwa mapigo marefu, na kusukuma mpira kufanyiwe mazoezi kwenye grini.