Pete ya uchumba ya kuagiza: muda wa kuitengeneza

Pete ya uchumba ya kuagiza ni pete ambayo sonara humtengenezea mteja mmoja, kwa mtindo, madini, kito na kipimo cha kidole walichokubaliana. Hutofautiana na pete iliyokwisha kutengenezwa na kupangwa kwenye kabati la kioo dukani. Katika karakana za miji mikubwa kama London na New York, kazi hii kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 8 tangu mteja atoe arbuni. Sonara mzoefu anaweza kumaliza pete nyepesi isiyo na nakshi kwa siku chache tu, ilhali pete inayosubiri kito kikatwe upya huweza kupita miezi 3. Sehemu kubwa ya muda huo haiishii kwenye moto wala nyundo. Huishia kwenye kuamua, kutafuta kito na kusubiri zamu.

Kito

Anayetaka almasi ya duara ya karati 1 huipata upesi, kwa kuwa almasi za namna hiyo hukatwa kwa wingi na kwa vipimo vinavyokaribiana. Spineli nyekundu ya Mahenge, yakuti ya bonde la Umba au savoraiti ya kijani kilichokolea ni habari nyingine: hutafutwa jiwe moja moja, na mteja inafaa alitazame kwa mwanga wa mchana kabla ya kukubali, maana taa za dukani hupamba kila kitu. Tanzanaiti, ambayo huchimbwa Mererani mkoani Manyara na si kwingine duniani, hupashwa joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi ili ukahawia utoke na buluu ibaki. Kazi hiyo huwa imekwisha kabla jiwe halijamfikia sonara. Kinachomchelewesha yeye ni wepesi wa jiwe hilo kuumia. Kwenye kipimo cha Mohs tanzanaiti hufikia kati ya 6 na 7, yakuti 9 na almasi 10. Tena tanzanaiti hupasuka ikipata joto la ghafla au pigo. Kwa pete ya kuvaliwa kila siku, ukingo wa dhahabu unaolizunguka jiwe pande zote ni salama kuliko kucha nne nyembamba, na ukingo huo hubanwa polepole, kidogo kidogo.

Jinsi kito kinavyoweza kungoja huonekana katika almasi ya waridi iliyopatikana mgodi wa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947. Mwenye mgodi, John Williamson, alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza ikiwa zawadi ya harusi. Jiwe ghafi la karati 54.5 lilikatwa London likabaki karati 23.6, lakini pambo la kifuani lenye umbo la ua lililolibeba lilitengenezwa na nyumba ya Cartier mwaka 1953. Pete ya uchumba ya Elizabeth ilifuata njia fupi zaidi: almasi zake zilitolewa kwenye taji dogo la mama wa mchumba wake, Philip, na Philip mwenyewe alishiriki kupanga mtindo. Vito vilikuwepo tayari, na hapo mlango mkubwa wa ucheleweshaji ulikuwa umefungwa. Kwa upande mwingine, pete mashuhuri ya uchumba ya mwaka 1981 ya Diana, mchumba wa mwana wa Elizabeth, yenye yakuti ya buluu ya karati 12, haikuagizwa. Ilikuwa miongoni mwa pete za kawaida katika orodha ya nyumba ya vito ya Garrard.

Karakana

Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya mkono. Sonara huyeyusha dhahabu, huimimina ipate umbo la kijiti, huigonga au kuipitisha kwenye mashine ya kubana, huipasha moto kila inapokuwa ngumu, kisha huikunja, huilehemu na kuipiga tupa. Pete ya kito kimoja huchukua siku moja au mbili za kazi halisi.

Njia ya pili, inayotumika sana siku hizi, ni ya kusubu. Mchoro huandaliwa kwa kompyuta, mteja huuona na kuuidhinisha, kisha mashine huchapa mfano wa pete kwa nta. Mfano huo huzungushiwa plasta maalumu ndani ya mkebe wa chuma, na mkebe hulazwa tanurini usiku kucha, joto likipandishwa kwa hatua hadi kupita nyuzi 700. Nta huungua na kuacha uwazi wenye umbo la pete. Dhahabu iliyoyeyuka huingia humo. Usiku huo wa tanuri haufai kufupishwa. Plasta iliyopashwa moto kwa pupa hupasuka, na masalio ya nta huacha vishimo ndani ya dhahabu vinavyojitokeza wakati wa kung'arisha, baada ya gharama zote. Platinamu huchelewesha zaidi, kwani huyeyuka kwa nyuzi 1,768 dhidi ya 1,064 za dhahabu safi, na kuing'arisha ni kazi ya subira.

Kupachika kito kimoja hakuzidi saa chache. Pete iliyozungushiwa vijialmasi vidogo vidogo huweza kumshika fundi siku nzima akiwa na kioo cha kukuzia jichoni. Uingereza huongeza hatua ya kisheria: chini ya sheria ya mwaka 1973, kitu cha dhahabu chenye uzito unaozidi gramu 1 hupimwa na kugongwa mhuri wa ubora katika ofisi ya London, Birmingham, Sheffield au Edinburgh kabla ya kuuzwa kwa jina la dhahabu. Safari hiyo hula siku kadhaa, na mnunuzi hupata ulinzi wa kweli.

Dhahabu ya familia

Katika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam ni kawaida mteja kumpelekea sonara bangili au mkufu wa zamani uyeyushwe. Ni desturi nzuri, ila bangili iliyowahi kurekebishwa huwa na lehemu, na lehemu ikichanganyika humo pete hutoka na vinyweleo au nyufa. Sonara mwangalifu hupima kwanza, hutenga sehemu zenye lehemu au huisafisha dhahabu yote, na hilo huongeza siku. Kama bangili ilikuwa ya bibi, mteja amwombe aiyeyushe peke yake na amruhusu kusimama pale. Sonara mwaminifu hakatai.

Kupunguza muda

Mambo mawili humwokolea mteja muda mwingi: kukichagua kito kabla ya mchoro, na kupima kidole kwa pete za kupimia, si kwa uzi. Kidole huvimba wakati wa joto na husinyaa kwenye baridi, hivyo kipimwe zaidi ya mara moja. Kubadili mtindo baada ya nta kuchapwa huirudisha kazi mwanzo. Desemba na wiki za kabla ya tarehe 14 Februari karakana hujaa, na anayekusudia kuchumbia mwisho wa mwaka amwone sonara mwezi Septemba.