Kitabu cha Ndege ya Milia

Mzee mmoja, mfugaji wa Wasso, tarafa ya Loliondo, alinitaka nimtafutie kitabu alichosimuliwa utotoni na mwalimu wake. Jina limempotea. Yaliyombakia ni matatu: daktari wa ng'ombe kutoka Ulaya, ndege iliyopakwa rangi kama pundamilia, na mwana aliyefia ndegeni.

Alama hizo zatosha. Kitabu ni Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, cha Mjerumani Bernhard Grzimek, kilichotoka mwaka 1959. Yeye na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa mbugani kutoka angani. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ikagongana na tumbusi, Michael akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Pamoja tu kumbukumbu ya mzee imepotoka. Grzimek alisomea kweli udaktari wa mifugo, lakini Serengeti hakuja kutibu ng'ombe. Alishikilia kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na watu, hata Wamasai. Mwaka huo huo wa 1959 Wamasai wa Serengeti walihamishiwa mashariki, Ngorongoro na Loliondo.

Simlaumu mzee. Kwao Wasso daktari wa wanyama ni bwana mifugo, mwenye sindano na zizi la kulitazama. Wa namna nyingine hakumjua. Ng'ombe anaowakumbuka wamo kitabuni, ila wamo kama mzigo wa mbuga. Hilo nalo nililazimika kumwambia.