Wanawake wa Nyumba ya Ufalme wa Kilwa

Mtu avukaye kutoka Kilwa Masoko kwa mashua, bahari ikiwa imejaa na upepo wa kusi umetulia, huteremka mbele ya Gereza, akapita njia ya mchanga baina ya minazi na mibuyu mpaka Msikiti Mkuu, kisha Makutani, kisha, ikiwa miguu haijamchoka, Husuni Kubwa iliyo juu ya jabali upande wa mashariki. Na katika mwendo huo wote kila ukuta hutajwa pamoja na jina la mwanamume. Huu ulijengwa na sultani fulani, ule ukapanuliwa na fulani bin fulani, hapa Wareno walishuka mwaka wa 1505, pale Waomani waliweka askari wao. Nimeufuata mwendo huo mara kadhaa tangu ujana wangu, na kila nirudipo bara hurudi na swali lile lile moyoni: katika daulati iliyodumu karne nyingi, iliyoshika biashara ya dhahabu ya Sofala na kupiga sarafu zake yenyewe, mama na mabinti na wake wa masultani walikuwa wapi, na kazi yao ilikuwa ipi?

Jawabu la kwanza limo katika hekaya ya asili ya mji wenyewe, nayo huanza kwa posa. Riwaya ya Kiswahili ya tarehe ya Kilwa, iliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka wa 1907, yasimulia kwamba mwenye kisiwa alikuwa mzee aitwaye Mrimba, na kwamba Ali bin Selimani Mshirazi, alipofika na jahazi zake na mali zake, alitoa zawadi kwa wakubwa wa mji, kisha akamposa binti wa Mrimba, akaozwa. Walipokwisha kukaa kwa wema na masikilizano, mume akamtuma mkewe kwa babaye na neno zito kuliko yote yaliyopata kusemwa kisiwani: kwamba si vema mtu na mkwewe wakae mahali pamoja, basi afadhali mzee ahamie bara. Mrimba akaridhia kwa sharti ya nguo za kutandikwa njiani, na nguo zikatandikwa, naye akashika njia akaenda zake.

Wengi waisikiao habari hii huzikumbuka nguo. Mimi humkumbuka mjumbe. Maana ujumbe ule ulikuwa wa kuhamisha nchi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na aliyeuchukua na kurudi na majibu alikuwa mwanamke mmoja, aliyekuwa binti katika nyumba ile na mke katika nyumba hii, wala hapakuwa na mtu mwingine katika Kilwa nzima awezaye kuingia zote mbili bila ya kubisha hodi. Riwaya yamwita binti wa Mrimba, basi, kama kwamba jina lake mwenyewe lilikuwa la ndani mno kutamkwa barazani.

Mrimba alijuta baadaye, akaazimia kurudi kwa vita wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hata mtu akaweza kuvuka kwa miguu. Tarehe ya Kilwa inayo pia riwaya ya Kiarabu, nayo yasema wageni waliuchimba mkondo ule mpaka usikauke tena. Riwaya ya Kiswahili yasema walisoma Kurani na kutoa kafara. Kwa vyovyote vile vita havikuamua jambo, bali mtoto ndiye aliyeamua. Binti wa Mrimba alizaa mwana, Muhammad bin Ali, naye alipobaleghe alisafiri mpaka nchi ya Ruvuma kumzuru babu yake mzaa mama, na mzee yule, ambaye alikuwa na donge na mkwewe, akamkabidhi kijana enzi yake yote kwa sababu moja tu, ya kuwa ni mjukuu wake.

Watu wa Lindi na Kilwa hawahitaji kufasiriwa maana ya jambo hili. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ambao ndio bara ya pwani yetu, wamehesabu ukoo kwa upande wa mama tangu kale, na mjomba kwao ana kauli juu ya watoto wa dada yake ambayo baba hana. Sidai kwamba kila neno la hekaya lilitukia kama lilivyosimuliwa. Lakini waliolisimulia, ijapokuwa walikuwa watu wa nasaba za kiume, wenye kujivunia mlolongo wa bin na bin hata kufika Shirazi, hawakuthubutu kumwondoa mwanamke huyu katika kisa, kwani nguo zilinunua ardhi tu; haki ya kutiiwa na watu wa ardhi ile ilipita tumboni mwake, na pasipo yeye masultani wangalibaki wageni wenye mali.

Katika karne ambayo Kilwa ilikutana na Wareno, mambo ya nyumba za kifalme za Hispania hayakuwa mbali na haya. Isabel wa Castilla, malkia aliyeitawala nchi yake kwa haki yake mwenyewe, aliwaoza mabinti zake wanne kama mtu awekaye nguzo nne chini ya dari moja. Binti mkubwa, aliyeitwa kwa jina la mama yake, aliolewa na Manuel mfalme wa Ureno, akafa mwaka wa 1498 kwa uzazi. Na baada ya miaka miwili ndugu yake Maria akaletwa kuketi mahali pale pale pa marehemu, kwa mume yule yule, akazaa watoto kumi, naye akafariki mwaka wa 1517. Catalina alipelekwa Uingereza, akawa balozi wa baba yake huko kabla ya kuwa malkia, na mwaka wa 1513 aliachiwa nchi mikononi mumewe alipokwenda kupigana Ufaransa. Juana, aliyerithi taji la mama yao, alifungiwa Tordesillas tangu mwaka wa 1509 mpaka kufa kwake mwaka wa 1555, baba yake na kisha mwanawe wakitawala kwa jina lake. Hata msiba wa dada, kwa mabinti hawa, ulikuwa shughuli ya serikali, na kitanda cha uzazi kilikuwa na mashahidi wengi kuliko baraza la mawaziri.

Nimewaleta mabinti hawa hapa kwa kuwa kuna kitu cha Kilwa kilichoingia katika nyumba ya mmoja wao. Mwaka wa 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ikachukuliwa mpaka Lisbon, ikafuliwa na sonara Gil Vicente, ikawa chombo cha ibada ya kanisa kilichokamilika mwaka wa 1506. Ni mnara mwembamba wa dhahabu, wenye mitume kumi na wawili waliopiga magoti kuzunguka kioo, mavazi yao yametiwa rangi, na chini yake pamezungushwa maandishi yasemayo kwamba mfalme aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kingaliko katika jumba la makumbusho la mji ule. Maria binti Isabel ndiye aliyekuwa malkia chombo hicho kilipokamilika, na jina la mji wetu limechorwa juu yake mpaka leo, kwa herufi za waliouteka.

Dhahabu ya Kilwa ilikuwa na mahali pengine pa kukaa kabla ya hapo. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya kumi na sita, awaeleza wanawake wa Kilwa kuwa walivaa hariri na pamba na nguo za nyuzi za dhahabu, na mikufu na bangili za dhahabu na fedha mikononi na miguuni, na vipuli vya vito masikioni. Hayo ndiyo mgeni aliyoweza kuyaona. Ibn Battuta, aliyekuja mwaka wa 1331, alisifu ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman hata akatukariria lakabu yake, Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, lakini habari za nyumbani mwa sultani huyo hakuzigusa. Mgeni mwenye adabu huishia barazani. Nyumba za mawe za Songo Mnara, ambazo kuta zake zingali zimesimama, zaonyesha jinsi adabu hiyo ilivyojengwa kwa chokaa: mtu hupokewa katika ua ulioshushwa kwa vidaraja, kisha chumba hufuata chumba, kila kimoja kina giza na baridi kuliko kilichotangulia, mpaka ndani kabisa, ambako mwanga wenyewe huingia kwa ruhusa.

Huko ndani hakukuwa na uvivu. Wachimbaji wa miaka ya 1960, chini ya Neville Chittick, waliokota Kilwa vigae vingi vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo hutiwa katika kijiti ili kizunguke vema mtu asokotapo uzi wa pamba. Ni kitu kidogo, cha kutosha kiganja cha mtoto, na hapana jumba la makumbusho litakalokitia katika kioo mbele ya dhahabu ya Lisbon. Lakini uzi ndio nguo, na nguo ndiyo iliyoweza kubadilishwa kwa pembe na dhahabu, kama vile ndiyo iliyobadilishwa kwa kisiwa chenyewe siku za Mrimba. Ndipo huona kwamba kusema mambo ya nyumbani yalikuwa upande mmoja na mambo ya nchi upande mwingine ni kuipima Kilwa kwa kipimo kisicho chake.

Yupo mwanamke mmoja wa nyumba hii ambaye jina lake halikuzuiliwa na pazia. Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwezi wa Desemba mwaka wa 1698, na nguvu yao ikaanza kuteremka kusini. Na katika miaka iliyofuata mwenye enzi ya Kilwa alikuwa Fatima binti Muhammad. Mwaka wa 1711 barua zilitoka Kilwa kwenda kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, yeye na jamaa zake wakiwa miongoni mwa wenye kuandika. Barua hizo zilivuka bahari zikawekwa katika hifadhi ya kumbukumbu ya Goa, Uhindi, zilimo hata sasa, na katika maandishi ya Kiswahili yanayojulikana kubaki hayajatajwa yaliyo ya kale kuliko hayo.

Hebu msomaji na alitafakari jambo hili kidogo. Sisi tunaojifaharisha kwa lugha hii, tunaowahesabu washairi wake na kushindana juu ya lahaja zake, hazina yetu ya maandishi tunaifungua kwa barua za Kilwa, na katika Kilwa ile mkuu wa mji alikuwa mwanamke. Yeye aliitwa mfalme, neno ambalo katika lugha yetu halina mume wala mke, likamkaa sawasawa. Wala hakuandika salamu za mashoga. Alikuwa na Mwomani kaskazini na Mreno kusini; Mwomani ndiye jirani mpya mwenye nguvu, na Mreno ni kizazi cha wale waliouteka mji wake miaka mia mbili nyuma; na misafara ya Wayao ilikuwa ikishuka na pembe, ambazo kila mmoja wa wakubwa hawa alizitamani. Kuchagua wa kuandikiwa, na wakati wa kuandika, na la kunyamaza, ni kazi ya mtu aliyezoea kusikiliza.

Hatari yake ilikuwa dhahiri. Huko Unguja Mfalme Fatuma alikuwa amewapelekea chakula Wareno waliozingirwa Mombasa, na ngome ilipoanguka alichukuliwa mpaka Maskati, akakaa huko miaka mingi kabla ya kurejeshwa kwao. Baadaye katika karne hiyo hiyo Mwana Khadija alitawala Pate. Pwani yetu haikuwaona wanawake hawa kuwa ajabu.

Imenipasa kutaja pia wale walioishi nyuma ya vyumba vya nyuma. Tarehe 14 Septemba 1776, Sultani Hasan wa Kilwa alifunga mapatano na Mfaransa Morice, ya kumpa watumwa elfu moja kila mwaka kwa riale ishirini kila mmoja. Bibi aliweza kukaa katika sitara kwa kuwa mwingine alikwenda kisimani, na huyo mwingine alikuwa na mama yake na mjomba wake katika nchi alikotolewa. Njia za misafara iliyowaleta watumwa hao zilipita katika bara la Ruvuma, kule kule ambako mwana wa binti wa Mrimba alikwenda kupewa enzi na babu yake. Wasichana wa bara waliingia katika majumba ya pwani kwa mlango wa nyuma. Na kwa desturi ya pwani wengine wakafanywa masuria, wakazaa watoto walioitwa kwa majina ya baba zao, hivyo damu ya bara ikarudi tena katika nyumba za wakubwa kwa njia ya mama, safari hii pasipo posa, wala mahari, wala nguo ya kutandikwa.