Mtihani wa kalamu ya daktari, na ugomvi uliouzaa

Agosti 2026 inatimia miaka kumi tangu Uingereza ianze kuwadai madaktari wake wapya jambo ambalo mgonjwa yeyote angedhani walikuwa wakidaiwa tangu zamani: waonyeshe, kwa mtihani wa peke yake, kwamba wanajua kuandika dawa bila kumdhuru mtu. Madaktari tarajali walioripoti kazini Jumatano ya tarehe 3 Agosti 2016 ndio waliokuwa wa kwanza kuambiwa kwamba asiyefaulu hataruhusiwa kuumaliza mwaka wake wa kwanza.

Mtihani wenyewe hujulikana kwa herufi tatu, PSA. Ni wa saa mbili, kwenye kompyuta, maswali 60 yenye alama 200. Alama 80 kati ya hizo ni za kazi moja tu, yaani kuandika dawa. Zilizobaki zimegawanywa kwa kazi kama vile kukagua dawa alizoandika mwingine, kupiga hesabu za dozi, kutambua madhara ya dawa, kusoma majibu ya maabara na kumpa mgonjwa maelezo yanayoeleweka.

Asiyeujua hudhani ni mtihani wa kukariri. La. Mtahiniwa anaruhusiwa kufungua BNF, kitabu cha dawa ambacho kila daktari wa Uingereza anacho karibu. Kinachopimwa ni akili ya kukitumia. Chukua kisa cha aina hii: mzee ana nimonia, ana mzio wa penisilini, na kila siku anameza warfarin ya kuzuia damu isigande. Kijana akiandika Augmentin kwa mazoea, amempa penisilini kwa jina jingine. Akikwepa hapo akakimbilia klarithromaisini, ameipa warfarin nguvu zaidi na mzee anaweza kuvuja damu. Kila jibu linalokuja haraka lina mtego wake, na dakika zinakwenda.

Nimeifuatilia historia hii zaidi kupitia maandishi ya Profesa Simon Maxwell wa Edinburgh, aliyeongoza kazi ya kuubuni mtihani, na ripoti ya mwaka 2009 kuhusu makosa ya kuandika dawa, iitwayo EQUIP. Ukivisoma viwili hivyo pamoja unaona kwamba mtihani huu haukushuka kwa amri ya waziri. Ulitokana na wakubwa wa taaluma moja kugombana hadharani.

Somo lililomezwa

Kwa miongo mingi mwanafunzi wa tiba wa Uingereza alisoma famakolojia, yaani elimu ya dawa, kama somo kamili, lenye walimu wake na mtihani wake. BNF ilianza kuchapishwa mwaka 1949, ikirithi kitabu cha dawa cha wakati wa vita. Dawa zilikuwa chache, na makosa mengi yaliishia wodini bila kuhesabiwa.

Mwaka 1993 Baraza Kuu la Madaktari, GMC, lilitoa waraka uitwao *Tomorrow's Doctors*. Lilisema wanafunzi wanashindiliwa mambo mengi mno ya kukariri, na likavitaka vyuo vipunguze mzigo na kuyachanganya masomo. Nia ilikuwa njema. Lakini katika kuchanganya huko, famakolojia ilikosa mahali pake katika vyuo vingi. Ikawa inafundishwa kila mahali kidogo kidogo, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuulizwa mwanafunzi akitoka hajui.

Waliokula sahani moja

Moto uliwaka Septemba 2006. Wanazuoni wanne wa dawa waliandika katika jarida la BMJ kudai kwamba madaktari wapya hawaandaliwi vya kutosha kuandika dawa. Hawakuwa watu wa kupuuzwa: Jeffrey Aronson wa Oxford, Graeme Henderson wa Bristol, David Webb wa Edinburgh, na Michael Rawlins, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa NICE, taasisi inayoamua tiba zipi zinastahili kugharimiwa na serikali. Lawama zao zilielekea kwenye mageuzi ya 1993. Walitaka somo lirudishiwe nafasi yake na wanafunzi watahiniwe kwa dhati.

Aliyewajibu alikuwa Peter Rubin, mwenyekiti wa kamati ya elimu ya GMC. Utamu wa kisa uko hapa: Rubin naye alikuwa mtu wa dawa, profesa wa tiba kutoka Nottingham, aliyekula sahani moja na wanaomshtaki. Hoja yake ilikuwa kwamba elimu ya daktari ni safari ndefu, haiishii siku ya kuvaa joho. Ukimkuta kijana anakosea dozi, usikilaumu chuo peke yake, tazama pia hospitali iliyompokea na wakubwa wanaomsimamia.

Waliomshambulia walikuwa na hofu ya haki, na naye alikuwa na hoja ya haki. Walichokosa wote ni hesabu. Hakuna aliyeweza kusema nchi nzima inakosea mara ngapi, wala nani hasa anakosea.

Hesabu zilianza kuja mwaka 2008, pale Maxwell na wenzake walipochapisha majibu ya wanafunzi na wahitimu wapya 2,413. Karibu robo tatu walisema mafunzo ya kuandika dawa waliyopata yalikuwa machache mno. Ni kama theluthi moja tu waliokuwa wamejaza karatasi ya dawa ya wodini zaidi ya mara tatu katika miaka yote ya chuo. Mwaka uliofuata watafiti wa Imperial College, London, wakaonyesha kwamba mgonjwa wa dharura aliyelazwa Jumatano ya kwanza ya Agosti, siku ambayo madaktari wapya huingia kazini, alikuwa na uwezekano wa kufa uliozidi kwa asilimia 6 ule wa aliyelazwa Jumatano ya mwisho ya Julai. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba kosa ni la vijana, lakini magazeti hayakusubiri uthibitisho.

Namba zilizomshtua kila mtu

Desemba 2009 ikatoka EQUIP, iliyoagizwa na GMC yenyewe, mwaka uleule Rubin aliposhika uenyekiti wa Baraza zima. Kikosi cha Profesa Tim Dornan wa Manchester kiliwatumia wafamasia wa hospitali 19 za kaskazini-magharibi mwa England. Wafamasia hao walipitia maagizo ya dawa 124,260 na kukuta makosa 11,077. Ni karibu makosa tisa katika kila maagizo mia.

Waliodhani vijana wa mwaka wa kwanza ndio wachafuzi walijikuta pabaya. Hao walikosea kwa asilimia 8.4. Wa mwaka wa pili, ambao tayari wamezoea wodi, walikosea zaidi: asilimia 10.3. Na madaktari bingwa, wale ambao wauguzi husimama wanapoingia, walikuwa na asilimia 5.9. Hakuna ngazi iliyotoka safi.

Ripoti ilieleza pia jinsi makosa hayo yanavyozaliwa. Karatasi ya dawa ya hospitali moja haikufanana na ya nyingine, kwa hiyo kijana aliyehamishwa alianza upya kutafuta pa kuandika mzio na pa kuandika muda. Kazi ilikuwa nyingi na usimamizi haba. Na vijana walikuwa na tabia ya kuegemea wengine, wakiamini kwamba wakikosea, muuguzi au mfamasia atashtuka. Kusema kweli mara nyingi walishtuka. Makosa karibu yote yalinaswa kabla ya dawa kumfikia mgonjwa, na yanayoweza kuua hayakufika mawili katika kila mia.

Ripoti ikapendekeza elimu iboreshwe, karatasi ya dawa iwe moja, usimamizi uimarishwe. Lakini lililopata kasi ni wazo la mtihani, lile walilolidai wanazuoni wa 2006. Chama cha Famakolojia cha Uingereza na Baraza la Vyuo vya Tiba walishirikiana, madaktari na wafamasia wakaketi kutunga maswali, na baada ya majaribio, mwaka 2014 mtihani ukaenea nchi nzima. Mwaka 2016, mwaka ulipofanywa sharti, wanafunzi zaidi ya 7,300 waliufanya na walio wengi mno walifaulu. Baadaye ukaja mtihani mpya wa leseni kwa wanaohitimu kuanzia 2025.

Kina Maxwell wanastahili heshima. Mwanafunzi hasomi asichotahiniwa, na mtihani uliwapa walimu wa dawa fimbo waliyoikosa tangu 1993. Lakini mtu akiisoma EQUIP kwa utulivu hawezi kukosa kuona kwamba mzigo ulibebeshwa mdogo kuliko wote. Daktari wa mwaka wa pili aliyekuwa na makosa mengi zaidi hakuongezewa mtihani, na bingwa hakuguswa.

Nasema haya kwa sababu sisi huku Afrika Mashariki hatuchelewi kuiga mitihani. Baraza la Madaktari Tanganyika huwatahini wahitimu, na Kenya huwapima waliosomea nje kabla ya kuanza utarajali. Tanzania tunao Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na orodha ya dawa muhimu, kazi nzuri iliyofanywa na wataalamu wetu wenyewe. Tulichokipuuza ni kile kilichowaokoa wagonjwa katika hospitali zile 19. Katika hospitali zetu nyingi mfamasia tunamjua kwa sura yake ya dirishani, akitoa pakiti na kupokea risiti. Ni wachache wanaomwona kwenye raundi ya asubuhi, akishika faili la mgonjwa na kumwambia daktari, tena bingwa, kwamba dozi hii si yenyewe. Na akithubutu, si ajabu akajibiwa, "Wewe toa dawa."

Wizara ya Afya ikitaka kujifunza kwa Waingereza, isianze na maswali 60. Ianze kwa kumwajiri mfamasia wa wodi na kumpa mamlaka ya kuikataa karatasi yenye kosa, hata ikiwa na saini ya mkuu wa idara. Daktari tarajali atahiniwe pia, ni haki ya mgonjwa. Ila akishafaulu, apangiwe zamu mahali ambapo yupo mtu anayelipwa kumsahihisha.